Heather McKay: aliyeshindwa mechi mbili tu, kisha akawa somo



Leo nakuleteeni historia ya mwanamke aliyecheza mashindano kwa takriban miaka ishirini na kushindwa mechi mbili tu. Ya kwanza mwaka 1960, ya pili mwaka 1962. Tokea hapo mpaka alipostaafu mwaka 1981 hakutokea mwanamke wa kumfunga. Jina lake Heather McKay, mtu wa Australia, na mchezo wake ni skwoshi. Kama hujapata kumsikia usijione mshamba. Wengi wanaojua kwamba Jahangir Khan wa Pakistan alikaa miaka mitano na nusu bila kufungwa, kuanzia 1981 mpaka 1986, hawajui kwamba kabla yake mwanamke alikaa miaka kumi na tisa.

Nieleze kwanza kwa nini nimemchagua yeye. Huu ni mwaka wa pili nipo Mugumu, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Nimemfuata mume wangu kwenye kazi yake, kama mnavyojua wale mnaonisoma siku nyingi. Huku Serengeti na kule jirani zetu Tarime, watoto wa kike wanacheza netiboli na kukimbia kwelikweli, hasa unapokaribia msimu wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi. Wanakimbia pekupeku kwenye vumbi na hawachoki. Siku moja msichana wa darasa la saba aliniuliza, "Mama, mtu akimaliza kucheza anakuwa nani?"

Swali hilo lina jibu rahisi ukiwa mwanamme wa mkoa huu. Suleiman Nyambui ametoka Mara hii hii, Majita kando ya ziwa. Alipata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na baada ya kukimbia akawa kocha na kiongozi wa riadha. Mtoto wa kiume ukimtajia Nyambui anaelewa njia inapita wapi. Kwa upande wa wanawake Tanzania imetoa watu mapema mno, kwani Theresia Dismas alileta medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, lakini waulize watoto kumi jina hilo uone wangapi watanyoosha mkono. Ndipo nikamfikiria Heather. Kwake yeye swali la "halafu?" liligeuka kuwa nusu ya pili ya maisha.

Skwoshi wenyewe nitauelezea haraka, maana huku hakuna uwanja wake na hata kwetu visiwani si mchezo wa kila siku. Ukitaka kuuona Tanzania, itabidi uende kwenye klabu za zamani kama Gymkhana ya Dar es Salaam. Wachezaji wawili wanaingia chumba kimoja chenye kuta nne, urefu mita 9.75 na upana mita 6.40, na mlango unafungwa. Wote wanatazama ukuta wa mbele, bega kwa bega, bila wavu wa kuwatenganisha kama kwenye tenisi. Mmoja anaupiga mpira ukutani, na mwenzake anatakiwa aurudishe kabla haujadunda chini mara mbili. Chini ya ukuta wa mbele pana ubao wa bati unaofika kama gotini. Mpira ukigonga bati, kila mtu anausikia, na wewe umepoteza. Mpira ni mdogo, wa raba, una uwazi ndani, na ukiwa baridi haudundi, kwa hiyo kabla ya mechi wanaupiga mpaka upate moto. Watoto wa Mji Mkongwe wanaopiga mpira ukutani vichochoroni wameshaujua nusu ya mchezo huu.

Siri yake ni katikati ya chumba. Anayesimama pale anaifikia kila kona kwa hatua chache, na asiyesimama pale anazungushwa kama tiara. Mabingwa wote wa skwoshi wanapigania mahali hapo, na Heather alikuwa akipakalia tangu mpira wa kwanza.

Mchezo ulianzia Uingereza. Babu yake ni mchezo wa raketi uliochezwa na wafungwa wa madeni kwenye kuta za jela ya Fleet mjini London. Karne ya 19 wanafunzi wa shule ya Harrow wakaanza kutumia mpira laini unaobonyea, na jina la skwoshi limetokana na kubonyea huko. Kisha maofisa wa Kiingereza wakausambaza kila walikokwenda kutawala: Misri, Bara Hindi, Afrika Mashariki. Jambo linalonifurahisha ni kwamba ubingwa wa Uingereza wa wanawake ulianza mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya ule wa wanaume. Wanawake hawakuingia mchezo huu kwa kupitia dirishani.

Heather alizaliwa tarehe 31 Julai 1941 katika mji mdogo wa Queanbeyan, karibu na Canberra. Jina lake la kwao ni Blundell. Walizaliwa watoto kumi na mmoja na yeye ni wa nane. Nyinyi mliokulia nyumba za namna hiyo mnajua kwamba mtoto wa nane hafundishwi kitu kwa kukalishwa chini; anajifunza kwa kugombania. Mchezo alioupenda kwanza ni mpira wa magongo, na aliucheza vizuri kiasi kwamba baadaye aliichezea timu ya taifa ya Australia, mwaka 1967 na mwaka 1971. Skwoshi aliingia akiwa kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane kwa sababu ndogo tu: kujiweka fiti kwa ajili ya magongo. Alikuwa anatafuta mazoezi, akapata maisha.

Mwaka 1960, akiwa bado mgeni kwenye mchezo, alifungwa na Yvonne West kwenye robo fainali ya ubingwa wa jimbo la New South Wales. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza kati ya mbili. Mwaka huohuo akachukua ubingwa wa Australia, na akaushika miaka kumi na minne mfululizo, mpaka 1973.

Mwaka 1962 akasafiri Uingereza. Kwenye fainali ya ubingwa wa Scotland alikutana na Fran Marshall, Mwingereza, akafungwa. Hiyo ni ya pili. Muda mfupi baadaye wakakutana tena kwenye fainali ya British Open, yaani mashindano makubwa kuliko yote ya wakati ule, na safari hii Heather akashinda. Akalirudia kombe hilo mwaka 1963 na 1964, kila mara akimfunga Fran huyohuyo, na akaendelea kulichukua mpaka 1977. Mara 16 mfululizo. Kabla yake Janet Morgan wa Uingereza alikuwa amelichukua mara kumi mfululizo katika miaka ya 1950, na watu walidhani hapo ndipo mwisho wa mambo.

Mwaka 1968 fainali ilikuwa kati yake na Mwaustralia mwenzake, Bev Johnson. Matokeo: 9-0, 9-0, 9-0. Kwa hesabu ya zamani ya skwoshi, ni yule anayeanzisha mpira tu aliyeweza kupata pointi. Kwa hiyo sifuri haina maana kwamba Bev hakushinda mpira hata mmoja. Maana yake ni kwamba kila alipopata nafasi ya kuanzisha, alinyang'anywa kabla hajapata pointi. Na tusisahau kwamba Bev alikuwa amefika fainali, hakuokotwa njiani.

Sasa niseme kidogo juu ya ndoa, maana najua nusu yenu mnaosoma hapa mko kwenye maandalizi. Heather aliolewa mwaka 1965 na Brian McKay, na jina tunalolijua leo ni la mumewe. Tayari alikuwa na makombe kadhaa ya Uingereza. Hakuacha kucheza. Kati ya makombe yale kumi na sita, kumi na mawili au kumi na matatu aliyachukua akiwa mke wa mtu. Mie huwa nachoka na ile habari ya kwamba mwanamke ama ameolewa ama ana kipaji, kana kwamba mtu anachagua kanga dukani na lazima arudishe moja. Brian naye alikuwa mtu wa skwoshi, na walipohama nchi walihama pamoja kwa ajili ya kazi ya mchezo huo. Nyumba ilijengwa juu ya jambo ambalo wote wawili walilielewa.

Lakini kulikuwa na tatizo la pesa, na hapa ndipo historia hii inaponigusa.

Sehemu kubwa ya miaka ile skwoshi ya wanawake ilikuwa ya ridhaa. Unashinda, unapewa kombe, unapigwa picha, unarudi nyumbani. Mwaka 1967 shirika la utangazaji la Australia, ABC, lilimpa Heather tuzo ya mwanamichezo bora wa mwaka. Jina la tuzo kwa Kiingereza lilitaja mwanamme, lakini walimpa yeye, nadhani kwa kukosa la kufanya. Mwaka 1969 Malkia wa Uingereza akampa nishani. Nishani hailipi kodi ya nyumba. Mwanamke ambaye hakuna aliyemweza duniani hakuwa na njia ya kuishi kwa kushinda peke yake.

Mwaka 1975 yeye na Brian wakahamia Toronto, Kanada, na huko Heather akawa mwalimu wa skwoshi. Alikuwa na miaka 34. Kwa wengine ukocha unakuja baada ya magoti kukataa, au baada ya kuanza kufungwa na watoto wadogo. Heather alianza kufundisha akiwa bado bingwa wa dunia nzima, kwa sababu kufundisha ndiko kulikokuwa na mshahara. Miaka ya Toronto alifundisha, na msimu wa mashindano ulipofika alipanda ndege kwenda Uingereza, akachukua kombe, akarudi kwa wanafunzi wake. Makombe ya 1976 na 1977 ni ya mwalimu.

Mwaka 1976 yakafanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya ubingwa wa dunia ya wanawake, mjini Brisbane. Fikirini: alikuwa amekwisha kutawala mchezo miaka kumi na minne ndipo dunia ikakumbuka kuwawekea wanawake ubingwa wake. Alikuwa na miaka 35. Fainali alimfunga Marion Jackman 9-2, 9-2, 9-0. Mashindano yalipofanyika tena mwaka 1979, huko Sheffield, alikuwa na miaka 37, na kwenye fainali Sue Cogswell wa Uingereza alimchukulia seti ya kwanza, 9-6. Ukumbi mzima bila shaka ulijiuliza kama siku ndiyo imefika. Zilizofuata zilikuwa 9-3, 9-1, 9-4 za Heather.

Mwaka 1977 kilitoka kitabu chake cha kufundisha skwoshi. Na kana kwamba haitoshi, huko Amerika Kaskazini akajifunza mchezo mwingine, raketiboli, wenye mpira unaodunda zaidi na raketi fupi. Alianza akiwa mtu mzima kabisa. Mwaka 1979 akawa bingwa wa Marekani kwa wachezaji wa ridhaa, na baadaye akachukua ubingwa wa wachezaji wa kulipwa mwaka 1980, 1981 na 1984. Mara hii ya mwisho alikuwa amekwisha kupita miaka 40. Mtu wa namna hii unaweza kumwonea wivu, lakini mie hukumbuka kwamba alikuwa kwenye mazoezi kila siku na wanafunzi. Anayefundisha miguu ya wenzake na yake haipati nafasi ya kulala.

Kwetu Zanzibar tuna neno zuri kwa mwanamke anayemshika mkono mwari na kumwonyesha njia: somo. Somo hachaguliwi kwa kuwa amesoma vitabu. Anachaguliwa kwa kuwa amepita, anajua pa kukanyaga na pa kunyamaza, na ana uvumilivu wa kumwambia mwari jambo lilelile mara saba bila kumdhalilisha. Kocha mwanamke aliyekuwa mchezaji ni somo wa mchezo wake. Kuna mambo hayaelezeki na kocha ambaye hajawahi kuwa msichana: namna mwili unavyobadilika ukiwa na miaka kumi na tatu, siku za hedhi na mazoezi, mama mkwe anayeuliza unakwenda wapi na hiyo raketi.

Huku Mara suala hili si la mapambo. Kwa Wakurya wa Tarime na baadhi ya makabila ya Serengeti bado ukeketaji upo, na msimu wake mara nyingi huangukia likizo ya Desemba, wakati shule zimefungwa na mwalimu hayupo wa kuuliza mtoto yuko wapi. Sheria imekataza tangu 1998 kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na kuna nyumba za hifadhi, Masanga upande wa Tarime na hapa Mugumu, zinazowapokea wasichana wanaokimbia. Baada ya kukeketwa msichana huonekana yuko tayari kuolewa, na mahari ya huku ni ng'ombe wanaokwenda kwa familia ya baba. Sisi tumefundishwa kwamba mahari ni haki ya mwari mwenyewe, na nimejikuta nikilieleza hilo kwa kina mama wa huku ambao wanacheka na kuniuliza mwari atawachunga wapi. Ninachotaka kusema ni kwamba kwa watoto hawa netiboli ni moja ya sehemu chache ambapo mwili wao ni wao, kwa dakika zile za mchezo. Na mara nyingi kwenye shule ninazozijua anayewafundisha ni mwalimu yeyote aliyepatikana mchana ule. Mwanamke aliyekuwa mchezaji, aliyerudi kijijini na filimbi shingoni na mshahara mkononi, angekuwa jibu la swali la yule msichana bila hata kufungua mdomo.

Turudi kwa Heather. Mwaka 1985 akarudi Australia. Serikali ilikuwa imeanzisha taasisi ya taifa ya michezo, na kitengo chake cha skwoshi kikawekwa Brisbane chini ya Geoff Hunt, bingwa mkubwa wa wanaume wa miaka ya 1970. Heather akawa kocha pale pamoja naye, kwa miaka mingi. Vijana walikuja kutoka pembe zote za nchi, wanalala hapo, wanasoma, wanacheza. Mmoja aliyepitia taasisi hiyo ni Sarah Fitz-Gerald, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara tano, kuanzia 1996 mpaka 2002. Heather mwenyewe hakuacha kushika raketi. Aliendelea kucheza na kushinda kwenye mashindano ya dunia ya wakongwe.

Kuna mnyororo mmoja hapa ambao naupenda kuliko rikodi zote. Mwaka 1971, kwenye fainali ya British Open, Heather alimfunga Mwaustralia aitwaye Jenny Irving. Jenny alikuwa na binti, Liz, aliyezaliwa 1965. Binti akakua na raketi ya mama, akawa mchezaji wa kulipwa, akapanda mpaka nafasi ya pili duniani. Ubingwa wa dunia haukumwangukia. Alifika fainali na kupoteza. Alipomaliza kucheza akakaa Amsterdam akawa kocha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaja msichana mwembamba kutoka Penang, Malaysia, akataka kufundishwa naye. Msichana huyo ni Nicol David.

Chini ya Liz Irving, Nicol alichukua ubingwa wa dunia mara nane, wa kwanza mwaka 2005 na wa mwisho 2014. Alikaa namba moja duniani kwa miaka tisa mfululizo, kuanzia Agosti 2006. Mama alifungwa na Heather kwenye fainali kubwa, binti alikosa ubingwa wa dunia, na mwanafunzi wa binti akauchukua mara nane. Mtu anaweza kusema Liz alipata kwa mkono wa mwingine kile alichokikosa kwa mkono wake. Mie nadhani ni zaidi ya hivyo. Aliyeshindwa kwenye fainali anajua kona ile ya chumba ambapo mechi inapotea, na anaweza kumwonyesha mwenzake mapema. Nadhani Heather, aliyeshindwa mara mbili tu, alikuwa na kazi ngumu zaidi kama kocha. Utamfundishaje mtu kupoteza wakati wewe umesahau ladha yake?

Aliyemwondoa Nicol kwenye namba moja, Septemba 2015, ni Raneem El Welily wa Misri, mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kuwa namba moja duniani kwenye mchezo huo. Nyuma yake akaja Nour El Sherbini wa Alexandria, aliyechukua ubingwa wa dunia wa kwanza mwaka 2016 akiwa na miaka 20, na mwaka 2025 akafikisha manane, sawasawa na Nicol. Misri leo imejaa wasichana wa Kiislamu wenye raketi, na klabu zilezile ambazo maofisa wa Kiingereza walijijengea wao wenyewe ndizo zinazowatoa. Wapo wanaocheza na hijabu na wapo wanaocheza bila. Kwa vile mchezo wenyewe ni wa chumba chenye kuta na mlango, ni mwepesi kuutengea saa za wanawake peke yao kuliko mpira wa uwanjani. Siku hizi mashindano makubwa hutumia kuta za kioo ili watu waone, lakini uwanja wa kawaida wa mazoezi hauhitaji kioo. Wale mnaojenga kumbi za mazoezi za wanawake Unguja na Pemba, hili nimelitupa tu mezani.

Na pesa? Ilichukua muda. US Open ya skwoshi ililipa wanawake na wanaume zawadi sawa kwa mara ya kwanza mwaka 2013. British Open, mashindano yaleyale ambayo Heather aliyashinda mara 16, yalifuata mwaka 2017. Mwaka 2019 ubingwa wa dunia uliofanyika Chicago ulikuwa na zawadi ya jumla ya dola milioni moja, nusu kwa wanaume na nusu kwa wanawake. Wakati huo Heather alikuwa bibi wa miaka 77. Hesabu ya kile ambacho angelipwa kwa miaka yake kumi na tisa sijaifanya, na wala sitaki kuifanya.

Nilipomweleza yule msichana wa darasa la saba habari hizi, kwa kifupi na kwa kuchora chumba kwa kijiti mchangani, alichotaka kujua si makombe. Aliuliza kama yule mama alilipwa kwa kufundisha. Nikamwambia ndiyo, alilipwa, na alifundisha nchi mbili. Akauliza kama mume wake alikubali. Nikamwambia walikwenda pamoja. Akarudi uwanjani, maana kipenga kilikuwa kimepigwa.

Skwoshi haijawahi kuchezwa kwenye Olimpiki. Itaingia kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, wanaume na wanawake, kwenye michezo itakayofungwa tarehe 30 Julai. Kesho yake, akijaaliwa uhai, Heather McKay atatimiza miaka 87.